Bata na Bata Mzinga

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limekupa nafasi, na bata wako bado wanakufuata hadi mlangoni kama wanakudai. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mume wangu anakusalimu, ingawa kwa haya, na utajua kwa nini.

Mimba imefika mwezi wa tano, na unajua ninavyoibeba kwa hofu baada ya ile iliyoharibika. Kliniki waliniambia damu yangu ni pungufu, ikizidi kushuka kujifungua kutakuwa na hatari. Wakanipa vidonge, kisha wakanipeleka kwa mama mmoja mtaalamu wa lishe.

Shangazi, yule mama alinifungua macho. Alisema kidari cha kuku kisicho na ngozi na cha bata mzinga vinakaribiana sana kwa protini, na mafuta yake ni machache. Kanga naye hayuko mbali. Bata ukimla na ngozi mafuta yanazidi na protini inapungua, ila ile nyama yake nyekundu ina madini ya chuma mara kadhaa zaidi ya kidari cha kuku. Nimenyonyoa ndege kwako tangu utotoni nikidhani nyama ni nyama, kumbe wekundu ule unaweza kupita kwangu ukawa damu ya mtu ambaye bado hajaonekana.

Akasema nile bata. Nikamtuma mume wangu, fundi wa kuchomelea anayepima vyuma vya watu kwa milimita. Muuza ndege alipomuuliza anataka bata gani, yeye akaona amtunze mkewe, akachukua mkubwa kuliko wote. Harufu ya jikoni inanichefua, kwa hiyo alipika yeye, nami nikala nimeziba pua na kumsifu.

Tuliporudi kliniki damu ilikuwa imeshuka tena. Mtaalamu akauliza bata tunampikaje, na mume wangu akaeleza kwa fahari jinsi anavyohangaika na ile shingo yenye ngozi nyekundu inayoning'inia. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Wiki zote hizo nimelishwa bata mzinga. Protini nimekula ya kutosha, lakini fundi chuma kanikosesha chuma.

Haya yanayofuata sikuweza kukuambia kwenye simu, ningelia. Daktari alisema bata mzinga asilaumiwe kwa yote, akanipeleka kupigwa picha. Niliuona moyo ukipiga. Kisha mpimaji akasogeza kifaa upande wa pili, akanyamaza, nikajua imeharibika tena. Akanionyesha moyo mwingine. Wako wawili, shangazi, wanagawana damu yangu hii hii pungufu, na wote wana nguvu. Sijui mwili wangu umewezaje.

Sasa tunakula bata mwenyewe, vidonge sikosi, na kipimo cha juzi kinaonyesha damu imeanza kupanda. Nisalimie majirani, na umwachie mmoja wao mabata. Njoo. Mtoto mmoja nitampakata mimi, mwingine anakungoja wewe.

Mwanao uliyenilea,
pamoja na baba watoto