Kifungo cha Tatu

Safu ya Mafundi Cherehani,
Kibanda cha saba.
Jumapili, tarehe 14.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Huku sote wazima, ila mimi sauti imekauka kwa vigelegele, nawe utajua sababu sasa hivi.

Kaa kitako kwanza. Mdogo wako ni diwani! Ndiyo, mimi, yule uliyekuwa ukisema nina mdomo kuliko kazi. Basi mdomo umepata kazi.

Chanzo ni hiki. Mwaka jana halmashauri ilibandika tangazo kwamba safu yetu itavunjwa, pajengwe maegesho ya magari. Tuko mafundi kumi na mmoja hapa, na hakuna aliyeulizwa. Nikaenda kwa diwani wetu, yule avaaye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, tunamwita Miwani. Akanijibu huku anachezea simu: "Mama, haya mambo ya kitaalamu. Nenda kashone." Nilitoka pale damu inanichemka. Kesho yake nikachukua fomu ya kugombea.

Kampeni nilifanyia kibandani. Aliyekuja kupimwa kiuno aliondoka na sera. Jioni nilipita mlango kwa mlango, na kote nilisema neno moja: mpigie kura Mama Vifungo.

Zikiwa zimebaki siku nne, muuza mkaa akaja anahema. "Mama Vifungo, wamekukata! Karatasi ya kura ya mfano imebandikwa, wewe humo!"

Nilikwenda mbio, nikasoma. Nilikuwemo, lakini kwa jina la cheti, lile ambalo mama aliliita akikasirika tu. Picha hakuna. Mtaani kwetu nani analijua jina hilo? Miaka ishirini mimi ni Mama Vifungo, na miezi miwili nimewafundisha watu kutafuta jina lisilokuwepo. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nilikaa juu ya gunia la vitambaa nikalia, sikufichi.

Jirani yangu, fundi wa mashati, yule mpole ambaye salamu tu humtoa jasho, akasimamisha cherehani.

"Kwani wewe ni wa ngapi kutoka juu?"

"Wa tatu."

Akachukua shati alilokuwa akilishona, akashusha kidole juu ya vifungo vyake kuanzia shingoni. "Moja, mbili, tatu. Waambie kifungo cha tatu."

Kaka, siku zile nne mtaa mzima ulikuwa unajigusa kifua! Muuza mkaa, wauguzi wa zahanati, mwalimu mkuu, kila mtu na kifungo chake. Baba mdogo, ambaye tangu umjue ni mtu wa fulana, alikuja kudai vifungo ili asipotee njia. Nikamshonea vitatu palepale akiwa ameivaa.

Siku ya kura nilifunga mdomo, maana kampeni ilikuwa imekwisha. Nilipanga foleni kama wengine, nikatumbukiza karatasi yangu, nikarudi kushona sketi ya watu. Asubuhi matokeo yakabandikwa: nimemshinda Miwani kwa kura thelathini na nne. Nilikimbia barabarani na tepu shingoni, viatu sijui niliviacha wapi. Mwenyewe alikuja kunipa mkono, miwani kaivua. Kumbe ana macho mazuri! Nikamshukuru kwa adabu, mama alitulea.

Lakini kushinda kulikuwa nusu ya safari. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha madiwani, na maegesho yalikuwa ajenda ya nne. Nilivaa suti niliyojishonea, nikapewa dakika tano, nikazisema zote. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimama nyuma ukumbini.

Mwenyekiti akaitisha kura ya mikono. Wanaotaka tuvunjiwe: sita. Wasiotaka: nikanyoosha wangu, nikageuka kuhesabu ya wengine. Ilikuwa sita. Nikahesabu tena, ndipo nikakumbuka kuuhesabu na mkono wangu mwenyewe.

Saba, kaka. Hatuvunjiwi!

Shemeji yako anakusalimu, baba mdogo naye anakuulizia kila siku. Wabusu wifi na watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akuponye goti, akurudishe nyumbani salama, ukute tungali hapa tunashona.

Mdogo wako akupendaye sana,

Diwani