Kesi ya Thelathini

Jumatatu, 4 Machi

Kesi ishirini na tisa. Imebaki moja tu! Daftari la kesi lifike chuoni Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, thelathini kamili, kila kesi na sahihi ya daktari msimamizi. Bila hivyo narudia mwaka mzima. Miaka kumi na tisa ya uuguzi, miwili ya masomo ya juu ya utabibu — yote inasubiri mgonjwa mmoja.

Na leo nilikuwa naye mkononi, nikamwachia.

Mzee wa kitanda cha tisa alikuwa anaweweseka, anang'oa shuka. Walitaka kumpa dawa ya kumtuliza. Nikamgusa tumbo — kibofu kimejaa, kigumu kama tikiti. Nikafanyaje? Nikamnong'oneza daktari wa mazoezi, binti mdogo tu! Ndivyo tulivyozoea wodini: muuguzi anaona, ananong'ona, daktari anaandika. Binti wa watu akaandika. Mpira wa mkojo ukawekwa, mzee akatulia, akaomba chai.

Kwenye raundi, msimamizi wetu akauliza nani aliyeona hili. (Tunamwita Kalamu Nyekundu, kwa anavyokata maandishi ya wenzake.) Mimi nikaangalia viatu vyangu. Akamsifu yule binti.

Kesi inahesabika kama umeiandika mwenyewe, kwa mkono wako, tangu mwanzo. Nimejiibia mwenyewe. Mjinga mimi!

Jumanne, 5 Machi

Wifi kaja. Anauliza nikimaliza nitaitwa daktari au bado sista. Nikamwambia nitaitwa kwa jina langu. Akacheka mpaka akakohoa. Eti kwa umri wangu wenzangu wanafikiria wajukuu, mimi nafikiria mitihani. Mume wangu akajifanya anatafuta rimoti.

Jumatano, 6 Machi

Daktari wa mazoezi kanifuata stoo ya shuka, macho mekundu. "Dada, niende nikamwambie ni wewe uliyeona?" Nikakataa. Faili limeshaandikwa, na sitaki kubebwa. Ila nikamwambia: kuanzia leo sinong'oni. Nikiona, naandika. Akasema sawa, dada. Kisha, kwa sauti ndogo: "Sasa mimi nitafanyaje?" Nikamwambia ajifunze kugusa matumbo. Tukacheka wote wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Kalamu Nyekundu kaniita ofisini. Kanikalisha, kaninywesha maji kabisa. Halafu: "Sista, haraka ya nini? Wodi inakuhitaji vile ulivyo."

Vile nilivyo! Huyu huyu nilimshika mkono siku zake za kwanza, anatafuta mshipa wa mgonjwa anatetemeka, jasho linamdondokea kwenye trei. Sikumwambia wodi inamhitaji vile alivyo. Nilimfundisha.

Nimeumia, nakiri. Nimelia chooni dakika mbili, nikanawa uso. Kesho naingia saa moja kamili.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Saa nane na dakika ishirini.

Asubuhi kaletwa mama kijana, anahema. Karatasi ya zahanati imesema pumu. Kavutishwa dawa ya mvuke mara tatu, wala hapati nafuu. Nikavuta kiti. Umejifungua lini? Wiki tano. Unalala na mito mingapi? Mitatu — akilala chali anazama, ndivyo alivyosema. Miguu nikaibonyeza, kidole kikaacha shimo. Mishipa ya shingo imesimama. Mapafu chini yanachemka, hayapigi miluzi kama ya pumu.

Huu ni moyo. Moyo umechoka baada ya uzazi.

Daktari wa mazoezi alikuwa pembeni yangu, ananiangalia mdomo. Sikunong'ona hata neno. Nikafungua faili, nikaandika yote: nilichokiona, ninachokishuku, dawa ya kutoa maji, kipimo cha eko leo leo. Kwa wino, na jina langu chini.

Kalamu Nyekundu akasoma. Akasema pumu ni pumu, na mimi nimeruka mipaka. Nikamwomba amsikilize mgonjwa mwenyewe. Akasikiliza kidogo sana, juu juu, akanipa ile kalamu yake. Eti nikate nilichoandika, niandike pumu, naye atatia sahihi ya thelathini hapo hapo.

Hapo hapo! Daftari langu alikuwa nalo kwapani.

Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia, "Daktari, sikati. Kama nimekosea, kosa hilo ni langu, liandikwe kwa jina langu." Kisha yule binti, daktari wa mazoezi, akasema, haki ya Mungu sikumtuma, "Na mimi nimesikiliza, daktari. Naomba eko." Yeye ni daktari, ombi lake la kipimo halihitaji ruhusa ya msimamizi. Tukasukuma kitanda wenyewe.

Sasa Kalamu Nyekundu naye kaja. Kasimama ukutani, daftari bado kwapani, hanisemeshi. Mama mkwe wa mgonjwa kakaa pembeni yangu na kichanga, ananiuliza kama mkwewe atapona. Nimemwambia ndiyo sababu tuko hapa. Naogopa. Naogopa kukosea, naogopa mwaka mzima mwingine, namhofia huyu mtoto. Lakini sijutii hata nukta.

Saa nane na nusu. Mlango umefunguliwa. Mpimaji katoa kichwa, faili mkononi, uso hausomeki. Anauliza nani aliyeandika hili.

Kalamu Nyekundu ananitazama. Anajua nitaangalia viatu.

Nimesema: mimi. Nimesema kwa sauti, mpaka kichanga kimeamka. Naitwa ndani —