Susu Juu ya Maji

Kisiwani, 6 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye moshi. Mimi mzima, kikohozi tu cha majivu, nacho tumeshazoeana. Bibi yako je, macho na magoti yake? Mwambie mwanawe anakula na kulala.

Habari kubwa ni kwamba gati halipo. Mwezi uliopita mlima ulitema, uji wa moto ukashuka upande wa bandari polepole kama mtu asiye na haraka, ukalala juu ya gati na ngazi zake zote. Kituo chetu kiko upande wa pili, hakikuguswa. Sasa kila kitu kinapita kwenye jabali la kusini, kwa susu. Ndiyo, susu, kama ile ya kuning'iniza kitoweo paka asikifikie, ila hii ni kubwa, ya mbao na waya, na kamba yake inazunguka kwenye kapi huku juu. Mabaharia wanaivuta kutoka mashuani. Mchele unapanda, barua zinashuka.

Kazi ni ileile: kupima joto la mashimo, kutazama sindano ya mitetemo, kuandika. Nimebaki na mpishi. Zamu yangu ilikwisha zamani, najua, na chuo chako cha ukunga sijakisahau. Bahari ikitulia nitashuka nikae na bibi yako, nawe uende. Nipe muda kidogo.

Ni mimi baba yako

Nyumbani, 21 Februari

Baba, shikamoo.

Pole na kikohozi, chemsha maji uvute mvuke. Mimi sijambo. Bibi naye hajambo kwa mwili, anakula vizuri na ananitania kuhusu mapishi yangu. Kichwa ndicho kinachotoka na kurudi. Juzi alibandika sufuria tupu jikoni, akatoka kwenda shule. Shule, Baba, kwa umri ule. Nilimkuta kwa fundi viatu amekaa kwenye benchi na gauni la kulalia, anasubiri kengele.

Tangu siku hiyo nafunga mlango kwa ndani na ufunguo nauvaa shingoni. Nikitaka kwenda dukani, mke wa fundi cherehani anakuja kukaa naye, na yeye ana watoto wake. Dunia yangu ni vyumba viwili, ukumbi na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kuna siku bibi anatikisa kitasa asubuhi nzima akiniuliza amenikosea nini mpaka nimfunge. Nakaa sakafuni naye tunalia wote, halafu yeye anasahau, mimi nabaki.

Chuo walishanisogezea nafasi mara moja. Mkuu wa chuo amesema mwanzo wa Juni ndio mwisho, nisipofika anaingia mwingine. Taja tarehe, Baba.

Binti yako

Kisiwani, 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na poleni sana. Nimeusoma ule ukurasa wa kitasa mara nyingi. Mpishi ameshuka, nimebaki peke yangu, ila mzima.

Bahari bado chafu. Nikiwa nasubiri nazunguka kisiwa, na laiti ungekiona. Chini ya kituo kuna kijiji cha wachimba kiberiti, yale madini ya njano ya mlimani, waliokuja huku enzi za babu wa babu zetu. Walijenga kwa mawe meusi, milango mifupi unaingia umeinama, na matangi ya kukinga mvua, maana chemchemi zote ni za moto na zinanuka yai viza. Siku mlima ulipowatoa, uji uliingia kwenye nyumba ya mwokaji mkate ukaganda katikati ya chumba. Meza yake bado ipo, nusu meza, nusu mwamba. Juu ya mwamba huo pameshika ukungu wa kijivu kama wa mkate uliolala, na kwenye nyufa zake makangaga mabichi kabisa. Kwanza ukungu, halafu makangaga, halafu vichaka. Ndivyo kisiwa kinavyojivalisha upya kila kinapovuliwa.

Kuna ndege pia, wakubwa kama kuku. Hawaatamii. Wanachimba kwenye majivu yenye joto, wanafukia yai, wanaondoka zao. Mlima ndio unaolitotoa. Kinda likitoka linajifukua lenyewe na kukimbia, halijui mama wala baba. Nimekaa nao kutwa nzima nikistaajabu.

Mashua ijayo, Mungu akipenda.

Baba yako

Nyumbani, 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Nakuomba radhi kabla sijaanza, maana nikishaanza sitakuwa na nafasi.

Nimekuomba tarehe, umeniandikia ndege anayefukia yai na kwenda zake. Hukuona haya hata kidogo? Bibi anataka nimsomee kila barua yako. Nilipofika hapo nikaruka.

Jana nilimwacha na mke wa fundi cherehani nikaenda bandarini. Nahodha wa mashua inayokuja kwenu ni mtu mwema, alizungukazunguka kwanza, mwisho akasema. Bahari haina neno, Baba. Mpishi alishuka kwa susu. Mbuzi wa kituo alishuka kwa susu, tena akitafuna. Mara zote mashua inasimama chini yako, susu inateremshwa, na kinachotoka ndani ni bahasha. Nahodha anasema unafika ukingoni na begi lako, unasimama, halafu unarudi.

Kama hutaki kurudi kwetu, sema. Nitajua pa kuanzia.

Binti yako

Kisiwani, 30 Aprili

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mzima nipo.

Nataka kurudi. Naogopa susu. Siku mpishi aliposhuka kapi lilikwama, akabaki katikati, juu ya mawe na povu, upepo unamzungusha kama nguo kwenye kamba. Walipomshusha walimtoa kwa kumbeba. Mimi nilikuwa juu nimeshika kamba ambayo haikunihitaji. Tangu hapo nikitia mguu mmoja, wa pili unakataa. Nimejaribu kufumba macho. Nimejaribu kujitukana. Mimi huyu ninayetembea ukingoni mwa shimo la moto kila asubuhi bila wasiwasi, ubao na waya vimenishinda. Naona aibu mpaka naona aibu kuandika.

Na kuna jambo jingine. Ardhi imepata joto, soli za viatu zinalainika. Sindano haitulii. Nimetoa taarifa, na ofisi imeamuru kituo kifungwe. Mashua ya mwisho ni mwishoni mwa Mei, baada ya hapo hakuna atakayekaribia. Kisiwa nilichokuwa nakizunguka siku nzima sasa kimekuwa chumba hiki, na madirisha nimeyafunga kwa sababu ya moshi.

Usimwambie bibi yako.

Baba yako

Mashuani, 28 Mei

Baba, shikamoo.

Ukichungulia utatuona. Mimi ndiye mwenye kitambaa cha njano, na aliyekaa kwenye gunia ni mama yako.

Nilimsomea barua yako yote, sikuruka. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimerudi. Akasema, "Huyo hata kitandani alikuwa hashuki mpaka nimpe mkono. Nipeleke." Kutwa na kesho yake hakuzungumza jingine. Nilifikiri nahodha atakataa, naye alifikiri nitaghairi, ndiyo maana tuko hapa.

Moshi wenu unatisha hata huku chini. Ingia kwenye susu, Baba, nakuomba. Kapi limetiwa mafuta.

Binti yako

Kisiwani, 28 Mei

Mwanangu,

Nimewaona. Nimeingiza mguu. Siwezi. Nahodha asikae, mawe ya moto yameanza kuanguka upande wa bandari. Mrudishe mama nyumbani, mwombe mke wa fundi akae naye, nenda chuoni. Nisamehe.

Baba

Mashuani, 28 Mei

Baba,

Sina muda. Nimemsomea jibu lako. Akainuka, akaingia kwenye susu iliyokuwa imeleta barua, akakaa, akashika waya kwa mikono miwili. Nilimvuta, nikambembeleza, nikamfokea. Hatoki. Mabaharia wamejaribu kumwinua akawauma. Nahodha anasema hawezi kungoja zaidi, ama tumpandishe ama tumvunje vidole.

Barua hii nimeifunga kwenye ncha ya mtandio wake. Mpokee. Nakuomba, mpokee.

Mimi

Kisiwani, 28 Mei

Mwanangu,

Mama amefika salama. Alipanda akitazama mbele kama abiria aliyelipa nauli. Amekaa kwenye jiwe, viatu amevua, anasema chini pana moto.

Njiani amesahau alichojia. Ameniuliza mimi ni nani. Nilipotaja jina langu akasema mwanawe anaitwa hivyo pia, lakini ni mdogo, na yuko nyumbani peke yake, na mlango haukufungwa. Akaanza kulia. Anataka aende kwake sasa hivi, ila ametazama chini, na kitu kile hapandi tena. Hofu imemshika mwili mzima, mwanangu.

Nimemwambia mimi ndiye mtu wa susu. Akaniuliza, "Kazi yenyewe unaijua?" Nikasema naijua, nimeshusha watu wengi. Akanitazama sana. Akasema basi atakubali, mradi nikae naye ndani na nisimwachie mkono.

Naitanguliza barua hii ili nahodha ajue uzito ni wa wawili. Susu ikirudi tupu, tunaingia. Waambie wavute polepole, na wakisikia mtu anapiga kelele wasisimame. Si yeye.

Baba yako