Mkwe Aliyekataa Kupanda Mashua

Al Rayyan,
Doha, Qatar.
15 Februari 2015

Mpendwa mdogo wangu Milcah,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku ugenini. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji Fabian, kile kikohozi kimemwacha? Natumaini mvua imeanza kunyesha na kwamba hamjapanda mahindi kabla ya wakati kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Mwanangu Damaris pia ni mzima, ingawa zamu za hospitali zimempunguza mwili, nami namlisha kila aingiapo mlangoni.

Barua hii ataileta Charity, muuguzi mwenzake Damaris, anayerudi nyumbani Jumanne. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Jambo hili nataka ulisome wewe kwanza, ukiwa umeketi, kabla ya kumpelekea kaka Philip.

Unakumbuka mlichonituma. Kaka alisema hatawapokea watu wa Uganda waje kuleta posa mpaka mmoja wetu amwone huyo Marvin, mchumba wa Damaris, kwa macho yake; nikisema la, jambo limekwisha. Damaris alilikubali sharti hilo huku analia. Basi nimekuwa hapa wiki tatu nikimtazama kijana huyo, na hadi Alhamisi jioni jibu langu lilikuwa la.

Sikusumbuliwa na kazi yake ya ulinzi, wala na Uganda. Nilisumbuliwa na adabu zake. Nilipotua uwanja wa ndege nilimnyoshea mkono. Akauficha wake nyuma ya mgongo, akainama, akachukua sanduku langu na kutangulia. Kila ajapo kutuchukua, husimama mbali na geti, nami nikitoka hugeuza uso. Tulipokwenda kula, aliketi meza nyingine akatupa mgongo. Milcah, nimefundisha miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kunipa mgongo akatafuna. Nilikwisha kuyapanga maneno ya kumwambia Damaris.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuja kutoka Al Wukair, anakolala pamoja na walinzi wenzake, akatupeleka kwa teksi hadi mtaa anaoulinda. Umejengwa juu ya kisiwa kilichotengenezwa na watu, kwa kuiga Venisi, ule mji wa kale wa Italia wenye mifereji mahali pa barabara. Unaujua. Ulikuwa ukinicheka kwamba nafundisha habari za Venisi kila mwaka kwa picha moja iliyochanika. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, ng'ombe wao hunywea wapi?" Nilimwamuru aketi, kwa sababu sikujua.

Sasa nimeona. Nyumba ni za rangi ya waridi, manjano na samawati, zimebanana, na maji ya kijani yametulia mbele ya milango. Unavuka daraja moja lililopinda, unaliona lingine. Hakuna nguo iliyoanikwa, hakuna anayeuza mboga mashuani. Ni mji wa kale usiofikisha miaka kumi. Hata hivyo nilifurahi sana. Niliinama ukingoni, nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi tupu.

"Mum, watu wanakuona!" Damaris akasema.

"Waache wanione. Hapa ng'ombe hanywi."

Marvin, aliyekuwa hatua kumi mbele, alicheka, kisha akajiziba mdomo. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.

Kuna mashua ndogo za kukodi zinazoendeshwa kwa betri. Marvin alizungumza na mwendeshaji, mtu wa Nepal, na Damaris akaingia. Nami nikaingia. Mwavuli wangu mweusi, ule ninaoutumia kama fimbo, niliuacha ukingoni ili nishike mashua kwa mikono miwili. Viti vilikuwa viwili, vimetazamana, magoti yakikaribia kugusana.

"Marvin, ingia. Nafasi ipo," nikasema.

"Hapana, nyabo," akajibu. Ndivyo wanavyomwita kwao mwanamke wa heshima. "Mimi nakuja na miguu."

Nilikasirika. Sisi tulikwenda majini, naye akatembea ukingoni akiwa ameubeba mwavuli wangu. Mfereji ulipokata kona alipotea, kisha nikamwona juu ya daraja lililofuata, akihema, akitusubiri tupite chini yake. Daraja lingine, yuko pale tena. Alikuwa akikimbia, Milcah, kwenye jua lile, na kila tulipomkaribia alitazama kando.

Nikamwambia Damaris, "Mchumba wako ananiogopa au ananidharau?" Akatazama maji.

Tulipofika mahali pa kushukia, ngazi ilikuwa imelowa na imeota ukijani. Niliweka mguu mmoja juu yake, na papo hapo mashua ikaanza kurudi nyuma. Unajua nyonga zangu. Mguu mmoja ngazini, mmoja mashuani, na maji yanazidi kupanuka katikati. Damaris alipiga kelele nyuma yangu. Marvin alianguka kwa magoti ukingoni. Mkono wake ulikuja mbele, nikauona, kisha ukarudi. Akageuza uso kabisa, akashika ncha ya mwavuli wangu, akaninyoshea upande wa mpini.

"Shika, nyabo! Shika na nguvu!"

Nikashika. Akanivuta bila kunitazama na bila kunigusa hata kwa kidole, mpaka nikasimama pakavu. Kisha akaulaza mwavuli chini mbele ya miguu yangu, akarudi nyuma hatua tatu.

Hapo nikamkumbuka mama yetu. Unakumbuka Fabian alipokuwa akija nyumbani kukuposa, mama akijifunika shuka na kuzunguka nyuma ya ghala ili asikutane naye? Mama hakumpa mkono maisha yake yote. Nasi tulimcheka, hasa mimi, niliyekuwa nimetoka chuo cha ualimu na nikijua kila kitu.

"Kwao pia?" nikamuuliza Damaris.

"Kwao pia, Mum. Mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye meza moja. Wazee wao husema akivunja mwiko atatetemeka mikono mpaka kufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukimcheka nyanya. Niliogopa utamcheka na yeye."

Wiki tatu mtu huyu alikuwa akinipa heshima ile ile mama yetu aliyompa Fabian, nami nikiihesabu kuwa kiburi.

Tulikwenda kula. Marvin alichukua meza yake, akatupa mgongo. Safari hii nilibeba kiti changu, nikakisogeza karibu na meza yake, nikampa mgongo nami. Damaris alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Nikauliza nikiwa nimetazama ukuta:

"Marvin, mama yako yuko hai?"

"Yuko, nyabo. Baba alikufa."

"Ana ng'ombe?"

"Wawili. Moja anatoa maziwa, moja anatoa kelele."

"Huyo wa kelele msituletee."

"Hapana, nyabo. Huyo anabaki na mimi."

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Mwambie kaka Philip awapokee watu wa Marvin mwezi wa nne, na awapokee vizuri. Akiuliza sababu, msomee barua hii kwa sauti, pamoja na sehemu ninayoonekana mjinga.

Nisalimie shemeji Fabian, kaka Philip na mkewe Nyaboke, na mwanao Bella. Mwambie simu si daftari, aandike barua. Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, na goti lako alitie nguvu, kwa maana utasimama sana siku hiyo.

Mwavuli nimemwachia Marvin. Niliulaza chini, nikarudi nyuma hatua tatu, akauchukua.

Nawe pia utakuwa mama mkwe wake, Milcah. Akifika, usimnyoshee mkono. Mwekee kiti karibu na mlango, kikitazama nje.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Roselyne