Redio Iliyozimwa Asembo

Alhamisi, Aprili 1993

Kosa si la Mzee Ouma. Nimejiambia hivyo tangu saa kumi na roho bado haijatulia.

Mwaka jana radi ilipochoma redio ya mawasiliano ya kituo cha chuo chetu kule Asembo Bay, kando ya ziwa, mkuu wa idara alinifokea mbele ya wanafunzi, maana redio zote za chuo ziko mikononi mwangu. Basi nikamwambia Mzee Ouma, mlinzi wa kituo: ukiona wingu jeusi, zima redio, chomoa waya wa antena.

Leo wingu lilikuja. Wanafunzi wanne walikuwa ziwani wakipima maji.

Mvua ilipoisha Mzee Ouma akaniita kwa redio hapa Kisumu, sauti safi kabisa, anajivunia. "Bwana Fundi, huku kila kitu iko sawa. Nilichomoa mapema."

Nikamuuliza, na wanafunzi?

"Wamefika. Injini ya boti ilizima, wakavutwa na wavuvi wa omena. Msichana mmoja kati yao analia, anasema waliniita na redio ya mkono saa nzima." Kisha akaniuliza: "Lakini si wewe uliniambia nizime?"

Nilimwambia alifanya vizuri. Na nikimwambia sasa asizime, mzee wa watu akae ameshika redio huku radi inapiga...

Kesho natakiwa kupeleka ripoti ya mwezi. Swali la kwanza kwenye fomu ni kama kuna redio iliyoharibika.

Hakuna hata moja.