Mchanga Mpaka Alama Nyekundu

Ni mwaka mmoja sasa, Nanga, tangu uvue viatu vyako mlangoni ukaingia ndani kulala, usivivae tena. Viatu viko palepale. Mke wako akifagia huvipangusa vumbi, kisha huvirudisha, ncha zikitazama nje, kama ulivyozoea kuviacha.

Jina la Nanga ulipewa na wenzako wa kilimani, maana ulikuwa mnene, mtulivu, na hukuyumba hata hewa ikichafuka. Ilikuwa kichekesho, mtu wa jina hilo kazi yake iwe kuruka. Ulipanda kilima na bawa jipya la kitambaa mgongoni, ukalitandaza kwenye nyasi, ukakimbia hatua chache, ukapotea juu. Uliposhuka ulituambia bawa hilo lina tabia gani, na kama linafaa kupewa mtu anayejifunza. Uliyaongelea kama watu. "Hili lina haraka." "Hili linanuna." "Hili ukiliachia linakulea."

Tunakumbuka vidole vyako vinene vilivyofungua mafundo ya kamba ambayo sisi tulishayakatia tamaa. Tunakumbuka ulivyokula kimya, macho dirishani, ukitazama miti ili uujue upepo. Tukikuuliza, "Wewe, unatusikia lakini?" ulijibu, "Nawasikia, ila na huyo wa nje anaongea."

Na tunakumbuka haki yako. Mabawa ya karakana yenu aliyashona mke wako, fundi, kwenye ile meza ndefu ya chumba cha nyuma, na hukumpendelea hata siku moja. Ulitoka kilimani ukaandika kwa chaki juu ya mfuko wa bawa: duara kama linafaa, alama ya mkasi kama halifai. Siku ya mkasi fundi alikupakulia kidogo.

"Mke wangu, hata mchuzi?"

"Mchuzi kauombe hukohuko kilimani."

Kesho yake alifumua, akaanza upya, na nyinyi wawili mkacheka.

Haki hiyo ilikuwa na kanuni yake. Mabawa mawili hulinganishwa siku moja, hewa moja, uzito mmoja. Mtu mwepesi hulifanya bawa lilegee, mzito hulikaza. Kwa hiyo kila anayeruka hupanda kwenye mizani na vifaa vyake vyote, kisha hutiwa mchanga kwenye mifuko ya kiti anachoning'inia chini ya bawa, mpaka mshale ufike alama nyekundu. Alama hiyo ilikuwa uzito wako wewe. Binti yako, mwembamba kama ufito, alibeba mchanga mpaka akatembea kama bata.

"Baba, hapa naruka mimi au wanarusha machimbo?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Beba, mwanangu. Ukiwa mzito kama mimi ndipo tutaelewana."

Kisha likaja lile bawa la bluu, ambalo fundi alilikata kwa kipimo alichokibuni mwenyewe, bila kumwiga mtu. Asubuhi ile hewa ilikuwa imetulia kama maji ndani ya beseni. Wewe uliruka na la bluu, binti yako na lile la zamani la rangi ya chungwa, bega kwa bega. Hukupanda kwenye mizani. "Mimi ndiye alama yenyewe," ulisema. "Nipimwe na nini?" Tulicheka sote. Tulishaona umetoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali, tukadhani ni ile adhabu ya mchuzi.

Ulibaki juu siku hiyo. Binti yako alishatua, alishakunja, alishakaa kwenye nyasi na kunywa chai, na wewe bado uko kule, mdogo kama jani, ukizunguka polepole, kana kwamba umesahau njia ya kurudi. Kivuli chako kilipita taratibu juu ya nyasi, juu ya mizani, juu ya magoti ya fundi aliyekaa akingoja neno lako. Hakuna aliyekuita. Ilikuwa raha kukutazama.

Uliposhuka, desturi ilitaka mbadilishane mabawa, kila mmoja aruke na la mwenzake. Ulisema umechoka, na ulichokiona kinatosha. "Limelegea," ulimwambia fundi. "Ncha zinajikunja. Mwanafunzi ataogopa." Ukachukua chaki, ukaweka mkasi.

Hilo ndilo lililokuwa neno lako la mwisho la kazi. Ugonjwa ambao wewe ulituficha ulitoka hadharani muda mfupi baadaye, na haukukaa sana nawe.

Fundi akaifunika cherehani kubwa ya mabawa kwa shuka. Alishona mapazia ya watu kwa mashine ndogo, mshono wa kwenda moja kwa moja tu, na akasema mkono wake wa mabawa umekwisha. Kaka yako, yule asiyekaa mahali, alifika msibani na begi lake na hadi leo hajaondoka, jambo ambalo lingekushangaza kuliko sisi. Alimsihi aanze tena.

"Nishone nini, shemeji? Aliyejua ameshasema."

Aliyeshindwa kutulia ni binti yako. Siku moja, akianika nguo, alisimama na shati mkononi likichuruzika maji miguuni.

"Mama, mbona baba alibaki juu?"

"Juu wapi?"

"Siku ile ya bawa la bluu. Upepo haukuwepo. Tungekuwa na uzito mmoja, tungeshuka pamoja. Mimi nilishuka, yeye akabaki." Aliingia ndani, akatoka na mkanda wako, akapitisha kidole kwenye matundu mapya. "Nilibeba mchanga ili niwe mzito kama yeye, mama. Na yeye hakuwa mzito hivyo tena. Halikulegea bawa. Alipungua baba."

Fundi alikasirika, Nanga. Alimnyang'anya ule mkanda. "Baba yako hakunidanganya hata siku moja kwa ajili ya mapenzi. Usije wewe ukanidanganya leo kwa ajili yake."

"Sikwambii uniamini. Njoo utazame."

Basi juzi walipanda kilima, na kaka yako nyuma yao na magunia ya mchanga, akilalamika kwamba amezunguka dunia nzima kumbe ilikuwa aje awe punda. Binti yako alijaza mchanga mpaka alama nyekundu. Akaruka na la chungwa, akatua, akaruka na la bluu. Aliposhuka hakusema limeshinda wala limeshindwa. Alisema, "Mama, hili linakulea."

Kisha akamwaga mchanga chini, kidogo kidogo, akiutazama mkanda wako, mpaka akabaki na uzito aliokadiria kuwa ulikuwa nao asubuhi ile. Akaruka tena na la bluu. Na bawa likalegea, na ncha zikajikunja, vilevile ulivyosema. Akabaki juu. Akazunguka polepole kama jani, na kivuli chake kikapita kwenye magoti ya mama yake.

"Kumbe alikuwa hivi," fundi akasema. Baadaye, akiwa bado anatazama juu: "Mbona hukuniambia, mume wangu? Ningekuongezea mchuzi."

Hukumdanganya, Nanga. Ulichokisema ndicho ulichokiona. Mkasi wako wa chaki hatukuufuta. Fundi aliuzungushia duara kwa mkono wake, na mfuko umerudi rafuni ukiwa na alama zote mbili. Shuka limeondolewa. Chumba cha nyuma kinanguruma tangu asubuhi, na hapa tunapoandika, meza inatetemeka.

Unakumbukwa na mke wako fundi, binti yako, kaka yako, ambaye begi lake sasa limo kabatini, na wenzako wote wa kilimani, ambao wakitandaza bawa bado husema, "Mngojeni Nanga." Tutakukumbuka daima, kila tutakapomtia mtu mchanga na kuungoja mshale upande. Alama nyekundu tumeiacha pale ulipokuwa mzima. Haitasogezwa.