Puli Ndogo ya Bwana Karim

Temeke, Jumanne

Na nilimwambia! Gari la kwendea dukani kila siku halitaki puli ndogo. Wapi! Bwana Karim anataka kumpita shemeji yake barabara ya Bagamoyo. Basi nikaifunga. Puli, lile gurudumu la mkanda, ikiwa ndogo, pampu ya kushindilia hewa kwenye injini inazunguka kwa kasi zaidi. Mbio kazipata. Ila pampu sasa inapiga mluzi kama birika lenye wazimu, unasikika hadi mtaa wa tatu.

Juzi kaaga anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Mkewe, kakaa barazani, akausikia mluzi ukiishia mtaa wa pili, kwa wacheza karata.

Leo asubuhi Bwana kaja gereji, uso kama kala ndimu. "Fundi, kesho nirudishie ile kubwa."

Alasiri akaja mkewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo puli ndogo isiguswe."

Mteja kama Bwana Karim nikimpoteza, sijui nitakula nini. Na injini imeanza kugonga, petroli yetu hii haiwezi hewa ya kushindiliwa hivyo...

Gari ni la Bwana, sikatai. Lakini Bwana ni wa Mama.

Kesho naumwa.